Mwaka Mavyaa Alipoupika Mshipi

Wifi yangu Tatu tulimzika Miburani alasiri, na watu walipokwisha kusoma khitma, wakala, wakakunja mikeka na kuondoka, mimi nilibaki nyumbani kwake. Nilisema magoti yananiuma. Kweli yananiuma, lakini sikubaki kwa sababu ya magoti. Nilichoka tu. Nimefika umri ambao kila msiba unanikuta nimekaa, na kila mara nainuka kwa shida zaidi, na nyumba ile ndiyo pekee iliyobaki kisiwani ambamo naweza kujilaza bila kumwomba mtu ruhusa. Paa sasa ni la bati na sakafu ina saruji, lakini kuta za ndani ni zile zile za udongo, zinaishia chini ya paa bila kuligusa, hata mtu akikohoa chumba cha kwanza unamsikia ukiwa chumba cha tatu. Nilijilaza chumba cha kati. Humo ndimo nilimoingizwa nikiwa bi harusi, katika miaka ya mwisho ya Mwingereza, nikakaa mwaka mmoja. Tangu hapo nimeishi kwingine miaka mingi, nimezaa, nimezika, nimehama nyumba mpaka nimesahau milango ya baadhi yake. Mwaka ule mmoja ndio peke yake ninaoukumbuka kwa harufu.

Harufu ya kwanza ni ya magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, yanayochemka. Mavyaa wangu, Bi Mize, mama wa mume wangu, alikuwa fundi wa kupika mishipi. Siku hizo wavuvi wa ndoana walitumia mshipi wa pamba, na mshipi mpya wa pamba ni mweupe, unakunywa maji upesi na kuoza upesi. Haukutiwa baharini kabla ya kupikwa. Magome yalitwangwa, yakachemshwa katika chungu kikubwa mpaka maji yakaiva mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni, ndipo mshipi ukazungushwa duara, ukatumbukizwa, ukaachwa ulale humo, kisha ukavutwa kati ya minazi ukauke. Ulitoka wa kahawia, mkavu, wenye nguvu. Wavuvi wa mtaa mzima walimletea Bi Mize mishipi yao, na kabla ya kufunika chungu alisoma Fatiha, akataja jina la mwenye mshipi na jina la mama yake. Kwake yeye mshipi usiopikwa ulikuwa uchi. Alilitamka neno hilo kwa haya kabisa, akitazama pembeni.

Mume wangu Shaali alikuwa mvuvi wa mshipi, mrefu, msikivu, asiye na maneno mengi. Nilipoolewa nilidhani nimepata mtu aliyetulia. Kisha mchana mmoja, nimejilaza baada ya chakula kama nilivyojilaza juzi, nikamsikia chumba cha kwanza akizungumza na mama yake.

"Wenzangu wote wako Dar es Salaam, mama. Bandarini wanataka watu."

"Hao wenzako wana kaka zao wa kuwaachia mama zao. Wewe unaye? Mimi nitabaki na Tatu, na Tatu kesho ataolewa."

"Ataolewa na nani?" Tatu, wifi yangu, alidakia kutoka uani. "Mleteni basi nimwone kama ana meno!"

"Nyamaza wewe, kuku wanakusikia."

Shaali hakucheka. "Chambo, mama. Nusu ya siku natafuta chambo, nusu iliyobaki navua samaki ambao nusu yao nawakata tena niwafanye chambo. Nitangoja mpaka mfungo wa Ramadhani. Mambo yakiwa hivi hivi, nakwenda."

Nilimsikia Bi Mize akikusanya sahani, akizipanga taratibu mno, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nami nilikuwa bi harusi wa miezi michache, nimelala nikiyatazama makuti ya paa, nikijua kwamba hakuna aliyekumbuka kuniuliza mimi nitabaki na nani.

Chambo chetu kilikuwa pweza. Mimi na Tatu tulikwenda kumtafuta mwambani maji yalipokupwa sana, tukiwa na vijiti vyetu, tukichokoa mashimo. Lakini maji hayakupi hivyo kila siku, na mwaka ule pweza walikuwa wachache na wadogo. Tulikula muhogo wa kuchemsha na kisamvu, kisha kisamvu na muhogo. Tatu alikuwa akiweka sinia katikati na kutangaza: "Karibuni changu wa nazi," nasi tulikuwa tukicheka, mwanzoni. Baadaye alitangaza na sisi tukala tu.

Katika kipindi hicho alikuja Mzungu mmoja, mgeni wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza pale Kilindoni. Alikuja kuvua kwa kujifurahisha, jambo ambalo Bi Mize hakulielewa mpaka anakufa. "Anamvua, halafu anamwachia?" "Anamwachia, mama." "Basi huyo anawasumbua watu wa Mungu." Shaali alimpigia kasia muda wote aliokaa, na siku zake za kuondoka zilipokaribia Mzungu alimpa kopo la chambo chake: nyungunyungu wa mpira. Tuliwamwaga kwenye ungo tukawazunguka. Walikuwa laini kama ndewe ya sikio, wengine wa zambarau, wengine wekundu, na kwa kuwa walilala pamoja katika kopo lenye joto walikuwa wameambukizana rangi. Walinuka kama viatu vipya vya raba. Ukimshika mmoja kichwa ukamtikisa kidogo, mkia wake ulicheza wenyewe, na moyo wako ulikataa kuamini kwamba hana roho.

Kesho yake Tatu alimtia mmoja ndani ya mchele ambao mama yake alikuwa akiuchambua. Bi Mize alipomgusa alirusha ungo, akanyakua kandambili, akampiga. Nyungunyungu aliruka akatua mapajani mwake. Alimpiga tena. Akaruka tena.

"Bismillahi! Huyu hafi?"

"Hafi, mama," alisema Tatu, amejiegemeza ukutani kwa kicheko. "Kaja na meli."

Kilio cha mchele uliomwagika kilikuwa kikubwa, lakini nilimwona Shaali mlangoni akitabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mazungumzo yale. Chambo kisichokufa, kisichooza, kisichotafutwa mwambani. Niliona anavyolipima jambo lile moyoni, na nikaanza kuomba, kimya kimya, kwa ajili ya vidudu vya mpira.

Tatizo lilikuwa mshipi. Pweza ni mgumu na ana harufu. Samaki akimng'ata hurudi akang'ata tena, mpaka mvuvi mzembe naye ajue. Mdudu wa mpira hana harufu wala ladha. Samaki anampokea mara moja mdomoni, anagundua amedanganywa, anamtema. Mshipi usipokuletea habari ile pale pale kidoleni, umekosa. Mzungu alikuwa na mishipi miwili, kila mmoja umezungushwa kwenye kigurudumu chake cha mbao: mmoja wa hariri iliyosukwa, mnene kiasi, wa kijani kibichi, na mwingine wa nailoni, mwangavu kama mate ya buibui, ambao wengi wetu tulikuwa hatujaushika. Alimwambia Shaali achukue yote miwili alale nayo, asubuhi amrudishie mmoja. Unaobaki ni wake.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, Shaali alifanya kitu ambacho nakikumbuka kuliko harusi yangu. Aliingia chumba cha kati, akafunga mlango, akapitisha dirishani ncha tatu: ya mshipi wa pamba wa mama yake, ya hariri, ya nailoni. Mishipi yote ilikuwa imelowekwa ndani ya ndoo ya maji ya bahari. Mimi nilipewa nizishike upande wa pili, kwenye mpapai mwisho wa ua. Kazi yangu ilikuwa kuwa samaki. Niliambiwa nichague mshipi wowote, niubane kwa vidole viwili na kuuachia, na yeye ndani, asiyeniona, angesema.

Niliubana wa pamba. Kimya.

"Umegusa?" alipaza sauti.

"Nimegusa."

"Sijasikia kitu. Umelala huu, umeshiba maji."

Niliubana wa hariri. "Sasa!" alisema mara moja. Tena, polepole zaidi, kwa ncha ya kucha tu. "Sasa!" Tatu alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu.

"Wifi, mguse moyo tuone kama atasema sasa."

"Ondoka, Tatu."

"Mume hana habari na mkewe miezi yote hii, leo anamsikia kwa kamba!"

"Nakusikia na wewe pia," alisema Shaali kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa na kicheko.

Kwa nailoni alisema "sasa" mara nyingi, lakini si zote. Ulivutika. Nilipogusa kidogo mno, mguso wangu uliishia njiani. Nilidhani basi, atachukua hariri. Alitoka nje, akafunga nyungunyungu wa mpira mmoja mmoja kwenye mishipi yote mitatu, akamtia kila mmoja ndani ya pipa la maji tuliloweka chini ya mchirizi wa paa, akachuchumaa kutazama. Kwenye pamba mdudu alining'inia kama kishada cha kanzu. Kwenye hariri alicheza kidogo, lakini uzi wa kijani ulionekana wazi, umesimama kichwani mwake kama fimbo. Kwenye nailoni uzi haukuonekana. Alikuwa mdudu peke yake ndani ya maji, akijikunja, akijinyoosha.

"Wa hariri unanisikilizisha mimi," alisema Shaali. "Wa nailoni unamdanganya samaki. Nachukua wa kumdanganya samaki. Kusikia nitajifunza."

Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. "Vizuri," alisema. "Nitie maji chunguni?"

"Huu haupikwi, mama."

"Kila mshipi unapikwa."

"Mzungu kasema hauozi."

"Mzungu anaachia samaki," alisema mavyaa, akaingia ndani.

Hakujifunza kwa siku moja. Wiki za mwanzo alirudi na vidole vimekatwa na uzi ule mwembamba, kila usiku nikivipaka mafuta ya nazi, na samaki wachache. Kisha kitu kikafunguka. Alijua kuuvuta nailoni ukakaza bila kumwamsha mdudu, akajua kuungoja, na changu walianza kuja, kisha chewa wadogo, kisha siku moja kolekole aliyebebwa na watu wawili kwa mti. Tulikula wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki, tukawapelekea majirani bakuli. Tatu hakuwa na la kutangaza akawa anatangaza kisamvu: "Karibuni kisamvu," akifunua kawa juu ya samaki wa kukaanga. Na mchana mmoja, kupitia ukuta ule ule, nilimsikia Shaali akimwambia mama yake, "Basi, mama. Siendi." Nilimsikia Bi Mize akienda uani kunawa uso. Mimi nililala kifudifudi nikauma mto ili nisicheke kwa sauti.

Sijui kwa nini raha ya mwaka ule naikumbuka kwa uchovu. Pengine ni kwa sababu najua ilivyokuwa fupi, na mtu wa umri wangu akiikumbuka raha anaitazama kama anavyomtazama mtoto wa mwenzake anayekimbia kwenye jabali lenye utelezi.

Shaaban ilipokuwa inaanza, chewa mkubwa aliingia mwambani na mshipi, ukakwaruzwa, akaenda na ndoana na mdudu. Jambo la kawaida kwa mvuvi. Lakini mshipi ulirudi umechubuka, umegeuka mweupe sehemu kubwa, na Bi Mize aliuona ukiwa umeanikwa. Aliushika, akautazama juani, akaurudisha kwenye kamba. Siku ya pili Shaali alikwenda Kirongwe kwenye maziko ya mtu wa upande wa baba yake, akalala huko. Asubuhi ile mavyaa alituita.

"Twangeni magome."

"Ya nani, mama?" aliuliza Tatu.

"Ya kaka yako. Ule mshipi umeanza kufa. Mnataka tukae tunautazama?"

Wala mimi wala Tatu hatukuona ajabu. Tulitwanga. Tungejuaje? Kila mshipi tuliowahi kuupika ulikuwa umetokana na pamba, na moto ulikuwa umeupa nguvu. Bi Mize aliuzungusha nailoni duara, duara ndogo nzuri zilizolingana, akaufunga sehemu nne kwa ukili usitatane, akautumbukiza katika maji yanayochemka. Alisoma Fatiha polepole kuliko siku zote. Alitaja jina la mwanawe, kisha, pale pa kutaja jina la mama, akasita, akacheka kidogo, akajitaja mwenyewe. Aliuacha humo mpaka adhuhuri. Ulipotoka ulikuwa umekunywa rangi vizuri ajabu, mwekundu wa kahawia, unang'aa kama kahawa ikimiminwa juani. Alifurahi sana. Alisema haujawahi kutoka mshipi mzuri kama ule katika chungu chake.

Ulipofunguliwa haukunyooka. Ulibaki duara duara, kama nywele zilizosokotwa zikafumuliwa. Tuliuvuta kati ya minazi. Ulirefuka, tulipouachia ukarudi. "Utanyooka," alisema mavyaa. Aliufungia mawe uvutike. Jioni uliyavuta mawe.

Shaali aliporudi, mama yake alimpokea uani, mshipi mikononi. "Nimekupikia," alisema. "Hukutaka kunisumbua, najua. Lakini kazi yangu ni ipi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Niliona mume wangu akiupokea, akipitisha kidole juu yake, akiuvuta kidogo, ukivutika, na kuvutika, kama ute wa bamia. Aliushika hivyo kwa muda. Niliona mabega yake yakishuka. Kisha akamtazama mama yake.

"Umetoka rangi nzuri, mama," alisema.

Alivua nao mara kadhaa. Alirudi mkavu. Nyungunyungu wa mpira walikuwa wakitemwa huko chini na yeye juu hana habari, au wanachukuliwa na ndoana zao. Alijaribu kurudia pamba, lakini mdudu wa mpira kwenye pamba alikuwa kipande cha mpira. Mzungu alikuwa ameondoka zamani, na maduka ya Kilindoni hayakuwa na uzi kama ule. Tukarudi kwenye muhogo. Mavyaa alikula kidogo kidogo, akitazama mikono ya mwanawe, na hakuna aliyemwambia kitu, na katika nyumba ya kuta zile mtu asipoambiwa kitu huwa ameshaambiwa.

Siku moja kabla ya mwezi kuandama, alasiri, Shaali alikuwa chumba cha kati akikunja nguo zake, nami nilikuwa nikimsaidia kwa kuzikunjua. Alishusha sauti.

"Nitakuita nikipata pa kukaa."

"Kwa sababu ya mshipi?" niliuliza.

Alikaa kitandani. "Nikuambie kweli, Mwanaidi? Nilipoushika nikajua umekufa, nilipata nafuu. Nilikuwa nimesema siendi, na kila asubuhi nikiamka naijutia kauli yangu. Nilikuwa natafuta pa kutokea. Hata ungekuwa mzima, ningekwenda. Mwaka huu au ujao."

Aliondoka na chombo cha nazi, mchana, watu wakiwa wengi. Mwaka uliofuata aliniita, nikaenda, na tukaishi vizuri, ningependa isemwe hivyo. Lakini hakurudi kisiwani kukaa. Alikuja mara moja kwa harusi ya Tatu, akaondoka kabla ya mavyaa kuzoea tena kumpikia. Tatu mwenyewe mpaka uzeeni alikuwa akiisimulia kwa watu kama mzaha: "Mama alimpikia kaka mshipi, ukamwivisha mpaka Dar es Salaam." Watu walicheka. Tatu naye alicheka, kisha akaziba mdomo kwa upande wa kanga na kuangalia kwingine.

Siku ya kwanza ya mfungo, Shaali akiwa ameshakwenda, tulikuwa uani watatu tukiandaa futari. Tatu alikuwa akimenya ndizi. Mimi nilikuwa napepeta unga. Bi Mize alikuwa amekaa juu ya mbuzi, akikuna nazi, na uso wake ulikuwa umepungua ndani ya ushungi. Hakuwa akiniita kwa jina. Siku zote nilikuwa mkaza mwana.

"Mwanaidi," alisema. "Umefunga. Niambie kweli. Alikwenda kwa sababu ya mshipi?"

Tatu aliacha kisu. Nilikuwa msichana, na niliamini kwamba ukweli ukiwa mwepesi kwa anayeusema huwa mwepesi kwa anayeusikia. Nilifurahi hata kupata nafasi ya kumtua mzigo.

"Hapana, mama. Aliniambia mwenyewe. Hata usingeupika, angekwenda."

Nilingoja ashukuru Mungu. Mikono yake ilisimama juu ya kifuu.

"Bora ingekuwa mimi," alisema. "Ingekuwa mimi, siku moja angerudi kunisamehe."

Kisha akaendelea kukuna. Nazi ilikuwa imekwisha, nyama yote ilikuwa imeshaanguka kwenye sahani, na meno ya mbuzi yakawa yanakwaruza kifuu kitupu. Alikuna hivyo hivyo, kwa mwendo ule ule, na wala mimi wala Tatu hatukumwambia.